Kirangozi, Ramani na Simu: Njia za Miguu za Masisi na Walikale

Shasha ni kijiji kilicho kando ya Ziwa Kivu, katika wilaya ya Masisi, kwenye barabara itokayo Sake kwenda Bweremana na Minova. Mbele yake pana ziwa ambalo uso wake uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyuma yake hupanda milima ambayo vilele vyake vingi hupita mita 2,000. Ng'ambo ya milima hiyo ardhi huteremka kuelekea magharibi, mito hujikusanya katika Lowa, na hapo huanza msitu wa Walikale, wilaya yenye ukubwa wa kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi. Msafiri anayetaka kwenda kwa miguu kutoka ziwani hadi msituni akiandika majina mawili katika programu ya ramani iliyo katika simu yake, huletewa mstari mmoja wa rangi, idadi ya kilomita na idadi ya saa. Akimwuliza mwenyeji, hujibiwa kwa namna nyingine kabisa: huambiwa pa kulala, mto upi usivukwe baada ya mvua, na mtu gani wa kuamkiwa kabla ya kupita.

Makala haya yanachunguza historia ya namna hizo mbili za kuieleza njia. Aghalabu hudhaniwa kuwa ya kwanza ni elimu na ya pili ni mazoea tu. Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba ramani zake zilitokana na maelezo ya midomo, na kwamba kila asili hiyo iliposahauliwa, aliyelipa gharama alikuwa mtembea kwa miguu.

Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani, kazi ya kuijua njia ilikuwa ya kirangozi. Yeye ndiye aliyetangulia mbele ya wapagazi, akijua maji yalipo, mahali pa kupiga kambi, na hongo iliyotakiwa katika kila nchi. Kipimo chake kilikuwa mwendo wa siku moja, yaani umbali ambao mtu mwenye mzigo aliweza kwenda kutoka kituo hadi kituo. Kipimo hicho kilirefuka penye tambarare na kufupika penye mlima, kwa hiyo hakikupima ardhi peke yake bali pia mwili wa mchukuzi. Msomaji wa maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na kuchapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, au wa masimulizi ya safari yaliyokusanywa na Carl Velten na kutolewa mwaka 1901, hukutana na hesabu ya siku kila mahali. Ni fasihi ya safari, lakini pia ni hazina ya jiografia ambayo wanaisimu hawajaitumia inavyostahili.

Maelezo ya namna hiyo ndiyo yaliyozaa ramani ya kwanza iliyosisimua Ulaya kuhusu sehemu hizi. Wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliokuwa Rabai karibu na Mombasa, waliwauliza wafanyabiashara wa misafara juu ya nchi za ndani. Erhardt alikaa Tanga kwa miezi kadhaa mwaka 1854 akisikiliza. Watu waliotoka sehemu mbalimbali za pwani walimweleza jambo moja: ukienda siku kadha wa kadha, njia huishia kwenye maji makubwa. Wamisionari hao wakayaunganisha maji yote kuwa bahari moja ya bara, yenye umbo la konokono asiye na gamba, na ramani yao ikatolewa Ulaya mnamo 1855 na 1856.

Wanahistoria wa jiografia wameicheka ramani hiyo kwa muda mrefu. Kicheko hicho si cha haki kwa wasimulizi. Kila mmoja wao alisema kweli: mmoja alikuwa amefika Nyasa, mwingine Tanganyika, mwingine ziwa la Nyanza. Tatizo lilikuwa la lugha na la uchoraji. Nyasa na nyanza ni maneno ambayo kwa asili humaanisha ziwa au maji mengi tu. Nomino ya kawaida ikageuzwa kuwa jina la pekee, na majibu matatu ya kweli yakaunganishwa kuwa kosa moja. Maelezo ya njia husema mtu anafikaje mahali fulani akitoka hapa alipo. Hayasemi mahali hapo pana uhusiano gani na pengine ambapo msimulizi hajafika. Anayechora ramani hulazimika kuliziba pengo hilo, na anachokiziba nacho ni dhana yake mwenyewe.

Jambo hilo lilijirudia kwa Kivu. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke, wakiwa Uvira, waliambiwa na wenyeji kwamba mto Rusizi unaingia katika Ziwa Tanganyika, hautoki humo. Mabishano ya Ulaya hayakwisha hadi Livingstone na Stanley walipoufikia mlango wa mto huo mwaka 1871 na kukuta wenyeji walisema kweli. Hata hivyo, mwaka 1885 mpaka wa Dola Huru ya Kongo ulielezwa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha ya kaskazini ya Tanganyika hadi mahali ambapo longitudo 30 hukutana na latitudo ya kusini ya digrii 1 na dakika 20. Waliouchora mstari huo hawakuwa wameliona Ziwa Kivu. Gustav Adolf von Götzen alilifikia ziwa hilo mwaka 1894. Yeye alikuwa ametoka Pangani Desemba 1893, akapita Rwanda, akapanda Nyiragongo, kisha akaingia milima ya magharibi ya ziwa na msitu hadi mto Lowa, akaufuata mpaka mto Kongo, ambao aliufikia Septemba 1894. Kwa ufupi, alivuka nchi ambayo leo ni Masisi na Walikale. Jina lake limo katika vitabu vyote. Majina ya waliomwonyesha njia hayamo. Ugomvi wa Wajerumani, Wabeljiji na Waingereza juu ya nchi hizo ulimalizwa kwa mapatano ya Brussels ya mwaka 1910.

Utawala wa Wabeljiji ulileta barabara za magari, na pamoja nazo desturi ya kuvihamishia vijiji kando ya barabara ili vihesabiwe na kusimamiwa kwa urahisi. Kuanzia mwaka 1937 mpango wa kuwahamisha Wanyarwanda ulileta maelfu ya familia Masisi, hasa katika Gishari, hadi ulipokoma mwaka 1955. Ramani zilizochorwa katika miaka ya 1950 kutokana na picha za ndege zilikuwa nzuri kwa vipimo vya milima na mito, lakini zilionyesha nchi ya barabara. Njia za miguu zilizovuka kutoka bonde hadi bonde, na vijiji vilivyoachwa, viliendelea kuishi katika kauli za watu. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 ramani hizo hazikufanywa upya kwa muda mrefu, barabara nyingi zikaota majani, na njia za miguu zikarudi kuwa njia kuu. Hivyo mtu aliyefuata karatasi katika miaka ya 1990 alikuwa akifuata nchi iliyokwisha kupita.

Hapa yafaa kusimama kidogo kwenye lugha yenyewe, maana ndiko jambo lenye uzito kwa jarida kama hili. Msemaji wa Kiswahili huweza kupima umbali kwa sauti. Akisema «pale», mahali pako karibu kiasi. Akiirefusha irabu ya mwisho na kuinua sauti, mahali pamekwenda mbali, na msikilizaji hukadiria kwa urefu wa irabu. Sarufi nyingi hulitaja jambo hilo kwa sentensi moja tu, kana kwamba ni pambo, ilhali kwa msafiri ndilo kipimo. Pande za dunia nazo zina historia yake. Kaskazini na kusini ni maneno ya pwani, yametokana na pepo za kaskazi na kusi zilizoendesha majahazi. Mkazi wa milima ya Masisi huyajua kutoka shuleni na kutoka katika jina la jimbo lake, Kivu ya Kaskazini, lakini akielekeza njia hutumia mlima na maji: kupanda, kushuka, ng'ambo, kwenye chanzo cha mto, kwenye ziwa. Kiswahili cha Kivu huyasema hayo kwa viambishi «ku», «mu» na «pa» mbele ya nomino, pale ambapo Kiswahili sanifu hutumia «-ni». Anayeelekezwa «ku mulima» hajaambiwa digrii za dira, ameambiwa ardhi itamfanyia nini miguuni. Na saa za Kiswahili huanza kwa jua kuchomoza. Atakayeambiwa atoke saa kumi na moja alfajiri, naye simu yake ikawa imeandika saa tano, lazima ajue kuhesabu kwa namna mbili.

Programu za ramani zinazopanga matembezi zimejengwa juu ya hesabu za kwingine. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni kwamba mtembeaji hutumia saa moja kwa kila maili tatu, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Mwaka 1959 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha njia ya kihesabu ya kuitafuta njia fupi kuliko zote katika mtandao wa njia. Mwaka 1993 Waldo Tobler wa Marekani alitoa hesabu ya mwendo kulingana na mwinamo wa ardhi: mtembeaji hufikia kilomita 6 kwa saa kwenye mteremko mdogo wa asilimia tano, kilomita 5 hivi penye tambarare, na nje ya njia mwendo huzidishwa kwa tatu ya tano. Kimo cha ardhi nacho kilipatikana Februari 2000, chombo cha anga Endeavour kilipoipima sehemu kubwa ya dunia kwa rada kwa siku 11. Kazi hiyo ni ya kustaajabisha. Lakini katika msitu mnene rada hiyo haikuifikia ardhi kila mahali. Iligusa sehemu za juu za miti, kwa hiyo vipimo vya Walikale vimebeba ndani yake urefu wa msitu. Naye mtembeaji wa Naismith na wa Tobler hana mzigo.

Wa Walikale alikuwa nao. Mnamo 2002 madini ya bati yaligunduliwa Bisie, ndani ya msitu wa wilaya hiyo, na kwa miaka mingi hapakuwa na barabara ya gari. Wachukuzi walibeba magunia ya kilo 50 kwa mwendo wa siku mbili, kilomita 40 na zaidi, hadi Njingala. Kutoka huko madini yalifika Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami. Mwendo wa siku wa kirangozi ulikuwa umerudi, pamoja na hongo zake. Taasisi ya IPIS ya Antwerp, iliyoanza kutoa ramani za machimbo ya Kivu mwaka 2009, ilituma watu wakiwa na vipokezi vya setilaiti kutembea hadi machimboni na kuandika si mahali tu bali pia nani alikuwa na silaha huko na nani alitoza nini. Uchunguzi wake wa mwaka 2017 ulihesabu vizuizi 798 katika njia za Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Pengine hii ndiyo ramani ya Kivu iliyoyakaribia zaidi maelezo ya mdomo, kwa kuwa ilieleza njia pamoja na masharti ya kuipita. Hesabu ya Dijkstra haina kosa. Ila hutafuta gharama ndogo kulingana na gharama ilizopewa, na ikiwa kizuizi hakikuandikwa, kwake hakipo.

Madhara ya kuutazama msitu kutoka juu tu yalionekana kwa uchungu mwaka 1996. Mnamo Novemba mwaka huo kambi za wakimbizi wa Rwanda zilizokuwa kandokando ya Goma zilivunjwa na vita. Mamia ya maelfu walirudi Rwanda kwa miguu. Wengine wengi walikimbilia magharibi, kupitia Masisi na Walikale, wakielekea Tingi-Tingi karibu na Lubutu. Tarehe 15 Novemba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi cha mataifa mengi chini ya uongozi wa Kanada. Kukazuka mabishano juu ya idadi ya waliobaki Zaire: picha zilizopigwa angani zilisomwa na wengine kuwa waliobaki ni wachache, ilhali mashirika ya misaada yalisema watu wengi mno hawajulikani walipo. Kikosi kile hakikuja. Katika Desemba watu hao walianza kutokea Tingi-Tingi, wamechoka na wagonjwa, wakakaa huko hadi kambi ilipotekwa mwishoni mwa Februari 1997. Marie Béatrice Umutesi, aliyekuwa miongoni mwa wakimbizi waliovuka Zaire kwa miguu hadi karibu na Mbandaka, alichapisha kumbukumbu za safari hiyo kwa Kifaransa mwaka 2000. Kitabu chake chapaswa kusomwa kando ya ramani yoyote ya eneo hili.

Mwaka huohuo wa 2000, mwezi wa Mei, Marekani iliondoa upotoshaji iliokuwa imeuweka katika ishara za setilaiti za GPS kwa watumiaji wa kiraia. Kosa la mita 100 hivi likapungua sana, na kipokezi cha mkononi kikaanza kufaa kwa njia ya miguu. Mwaka 2004 Mwingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote huweza kuichangia. Afrika ya Mashariki iliipokea mapema: Kibera iliingizwa na vijana wake mwaka 2009, na mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatembeza wanafunzi wa vyuo katika mitaa ya Dar es Salaam inayofurika. Katika Kongo, Lubumbashi ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo ya mradi wa Missing Maps mwaka 2014. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, wajitolea wa nchi nyingi walichora nyumba na njia za Beni na Butembo kutoka katika picha za setilaiti ili wauguzi wajue pa kwenda. Programu kama OsmAnd na Organic Maps huihifadhi ramani hiyo ndani ya simu, nayo husomeka hata pasipo mtandao, jambo lenye maana kubwa kwa anayetoka Shasha kupanda mlimani.

Mjitolea aliyeketi Ulaya huweza kuuona mstari wa njia katika picha, lakini jina halionekani kutoka angani. Hapa ndipo kazi ya mwanaisimu inapohitajika, nayo haijafanywa vya kutosha. Mji mmoja wa Masisi huandikwa Kitshanga, Kitchanga na Kichanga. Kirotshe ina «tsh» ya Wabeljiji kwa sauti ambayo Kiswahili huiandika «ch». Nyabiondo huandikwa pia Nyabyondo. Mfaransa akiisikia Shasha huweza kuiandika Chacha, na Mswahili akiisoma Chacha hutamka jina jingine kabisa, tena la mtu wa Mara. Kwa mtu hilo ni tatizo dogo, atauliza. Kwa mashine herufi tofauti ni mahali tofauti, na herufi sawa huweza kuipeleka Shasha ya Lagos. OpenStreetMap inaruhusu mahali pamoja kuwa na majina kadhaa, kila moja na lugha yake. Nafasi ya Kiswahili ipo, za Kihunde na Kinyanga pia zaweza kuwekwa. Nyingi zi tupu. Katika nchi ambayo jina la kilima hutumika kama ushahidi wa nani alifika kwanza, kuijaza nafasi hiyo si kazi ya karani. Wahunde, Wanyanga, Wahavu, Watembo, Wahutu na Watutsi wa eneo hili hawatoi kila mara jina moja kwa mahali pamoja, na anayeandika moja na kuacha jingine ameamua kesi bila kusikiliza.

Mei 2021 njia ya Sake ilijaribiwa. Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na tarehe 27 mamlaka iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe, kwa hofu kwamba moto ungetokea chini ya mji au chini ya ziwa. Amri ilitaja mwelekeo wa Sake. Mamia ya maelfu walihama, wengi wao kwa miguu, wakiwa na magodoro vichwani. Wengine walipita Sake wakaendelea kando ya ziwa hadi Minova. Barabara katika ramani ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana Sake kilikuwa maji ya kunywa na mahali pa kulala, yaani yaleyale mambo mawili ambayo kirangozi huyataja kwanza.

Kisha, Februari 2024, mapigano kati ya waasi wa M23 na jeshi yalifika Shasha, na barabara ya Goma kwenda Minova ikakatwa hapo. Vyakula na watu wakahamia ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, imejaza kupita kiasi, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, na abiria wengi wakafa maji wakiwa wamebakiza mwendo mfupi tu kufika. Goma yenyewe ilitekwa Januari 2025, na Walikale mjini mwezi Machi. Mstari katika ramani haukubadilika kwa sababu ya hayo yote: kutoka Minova hadi Goma ulipita Shasha. Waliopanda mashua ile walikuwa wakijua mengine juu ya barabara hiyo, waliyoyasikia kwa wenzao sokoni na kwa simu, siyo kwenye ramani ya simu bali kwa kuipiga na kuuliza.